Rosa, Kazimoto, Yasmin na wenzao: umpe kitabu gani anayejiona mtu baki

Mtu akikujia na kusema, "Nitafutie kitabu chenye mtu kama mimi", usikimbilie kabatini. Kwanza jua ni mlango gani uliofungwa usoni pake. Kuna waliofungiwa ndani, kuna waliofukuzwa nje, kuna waliosoma mpaka wakapotea njia ya kurudi kwao, na kuna walioambiwa tangu wanazaliwa kwamba damu yao si ya nyumba hii. Wote hujiita mtu baki, lakini kitabu kinachomtuliza mmoja humkera mwenzake, na mara nyingine humdhuru.

Riwaya za Kiswahili hazina uhaba wa wahusika wa aina hii. Hapa tumewaweka pamoja sita wa riwaya, na mmoja wa utendi kwa mwisho, ili mwalimu, mkutubi, mlezi au rafiki anayegawa vitabu ajue ampe nani na amfiche nani kwa sasa. Miisho tunaitaja waziwazi. Anayechagua kwa niaba ya mwingine hana budi kuijua, na kosa kubwa katika kazi hii hutokana na kutoijua.

Waliofungiwa ndani: Rosa na Maimuna

Rosa wa Rosa Mistika (Euphrase Kezilahabi, 1971) ni binti mkubwa wa Zakaria, mlevi wa kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Namagondo ndiko alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe, na inaonekana: njaa, pombe na umbeya wa kijiji vimeandikwa na mtu aliyeviona. Kijana Charles anamwandikia Rosa barua, baba anaikamata, na kipigo kinachofuata kinamfundisha binti somo moja tu, kwamba mwanamume ni wa kukimbiwa. Anapofika shule ya sekondari ya wasichana Mwanza, anaogopa hata kusemeshwa. Kisha kamba iliyovutwa miaka yote inakatika. Anaingia kwa wanaume bila breki, na chuoni Morogoro mambo yanazidi kuharibika. Charles anarudi, uchumba unafungwa, halafu anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Maimuna wa Utengano (Said Ahmed Mohamed, 1980) naye ni binti wa ndani. Baba yake, Bwana Maksuudi, ana mali na cheo, na ndani ya nyumba yake wanawake hawana sauti. Maimuna anatoka, anaangukia mjini, kwenye ulevi na ukahaba. Hadi hapo utadhani ni Rosa wa pili. Tofauti iko kwa aliyefungua mlango. Rosa alifunguliwa na shule. Maimuna alifunguliwa na watu wenye kisasi na baba yake, na mkubwa wao ni Farashuu, mkunga mwenye deni la zamani na Maksuudi. Binti alitumika kama fimbo ya kumchapia mzee. Kwa msichana aliyewahi kutoroshwa na mtu aliyejifanya mkombozi, hilo ni jambo la kukaa nalo muda mrefu, na hatujui riwaya nyingine ya Kiswahili inayolionyesha waziwazi hivyo.

Tofauti ya pili ndiyo inayoamua. Maimuna anabaki hai. Anaanguka chini kabisa, lakini kitabu kinamwachia njia ya kurudi. Kwa hiyo, ukiwa na msomaji wa miaka 15 hadi 18 anayeishi nyumba ya makomeo, anza na Maimuna. Rosa aje baadaye, au asije.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia Rosa. Wengi humtoa kwa kila binti "mkorofi" kama onyo: ona yaliyompata. Kufanya hivyo ni kusoma kinyume. Kezilahabi anamshtaki Zakaria kwanza, na mwishoni anaivusha kesi hiyo kaburini, mbele ya Mungu, baba na binti wakijibizana. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya kurudi na kusomwa darasani, na waliokiogopa walikiogopa kwa yale yaliyofanywa na Rosa. Msomaji anayehitaji kitabu hiki kweli ni baba. Mpe mzazi mkali, tena wa kiume, umwombe akisome peke yake. Ni kifupi, sentensi zake nyepesi, jioni nne au tano zinatosha.

Aliyesoma hadi akakosa kwao: Kazimoto

Huyu ndiye wa kushughulikiwa kwa uangalifu kuliko wote, na ndiye anayeombwa mara nyingi na vijana wa chuo.

Kichwamaji (Kezilahabi tena, 1974) inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu. Tangu mwanzo unamkuta akisubiri kuonana na Manase, mtu aliyekua naye, ambaye sasa ni mkubwa mwenye ofisi. Hapo pana kila kitu: wawili waliotoka kijiji kimoja, mlango katikati yao, mmoja kakaa ndani na mwingine nje akihesabu wanaopitishwa mbele yake. Manase ndiye aliyemharibia dada yake, Rukia. Kazimoto anajiapiza kulipa kisasi kwa kumwendea Sabina, dada wa Manase, na anaishia kumwoa. Kijijini ni msomi, kwa hiyo si mwenzao. Mjini ni mtoto wa mkulima. Imani ya wazazi imemtoka na hakuna kilichoingia mahali pake. Yeye na wenzake wanajadili Mungu, maisha na kifo kwa namna ambayo mtu wa miaka 22 huona aibu kuijadili na mama yake.

Nguvu ya kitabu iko kwenye nafsi ya kwanza. Rosa unamtazama, Kazimoto anakuingia kichwani. Anachekesha, ana maneno makali, anajiona mwerevu kuliko kila aliye karibu naye, na mara nyingi ni kweli. Msomaji mpweke humpenda haraka sana. Hapo ndipo inapoharibika, kwa sababu akili hiyo hiyo inayovutia ndiyo inayohitimisha kwamba maisha hayana maana, na Kazimoto naye anajiua. Jina la kitabu lina ncha mbili: kichwamaji ni mtu mwenye kichwa kigumu, na pia ni ugonjwa wa mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji, ambao unaingia katika nyumba ya Kazimoto na kummaliza.

Tungempa nani? Mtu wa miaka 20 na kuendelea, mwenye mwenzake wa kuzungumza naye, ambaye tatizo lake ni kwamba elimu imemtenga na kwao na anataka kuona jambo hilo likisemwa bila kupakwa sukari. Kwake Kichwamaji haina mbadala. Tusingempa nani? Aliyefiwa karibuni, aliyeachwa karibuni, aliyewahi kutaka kujidhuru, na yeyote unayeona amekwisha anza kuongea kama Kazimoto. Huyo wa mwisho anahitaji mtu kwanza, kitabu baadaye. Ukimpa anayefaa, mwambie mwisho kabla hajaanza. Wengine watalalamika kwamba umewaharibia utamu. Walalamike. Kitabu hiki hakiishi kwa mshangao wa mwisho, na anayejua kinakokwenda husoma kwa kubishana na Kazimoto badala ya kumfuata.

Aliyetolewa na watu wake: Yasmin

Tukilazimishwa kuchagua mmoja tu kwa wasomaji wengi iwezekanavyo, ni Yasmin wa Vuta N'kuvute (Shafi Adam Shafi, 1999).

Yasmin ni msichana wa Kihindi, Unguja ya wakati wa ukoloni wa Mwingereza, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Ndoa haikaliki, anaiacha. Jamaa zake wanamfungia mlango: aliyemkimbia mume ametia doa jina la watu wake. Anavuka kwenda Ng'ambo, kwa Mwajuma, mwanamke Mswahili maskini na mpenda starehe, ambaye anampokea kwenye chumba chake.

Msomaji asiyeijua Unguja ya zamani apewe maelezo ya dakika tano hapa, la sivyo nusu ya kitabu itampita. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na mkono wa bahari, na daraja lililovuka pale ndilo lililoacha jina la Darajani. Upande mmoja majumba ya mawe, Waarabu, Wahindi na Wazungu wenye nafasi. Upande wa pili nyumba za udongo na makuti, Waafrika na maskini wa kila kabila. Kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine si safari ndefu. Kwa Yasmin ni kama kuhama nchi: lugha ya nyumbani, chakula, namna ya kulala, watu anaowasalimu asubuhi, vyote vinabadilika. Anayejua ramani hiyo ataelewa kwa nini jamaa zake wanaumia zaidi kwa kuvuka kwake kuliko kwa kuachika kwake.

Wengi hukumbuka mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa kikoloni kwa siasa zake. Ni sehemu tamu, na ndiyo iliyobeba filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Lakini kwa msomaji anayejiona mtu baki, wa kuangaliwa zaidi ni Mwajuma. Hana mali wala cheo, wala hana kisasi na mtu, na bado anafungua. Mlinganishe na Farashuu upate somo zima la nani wa kumwamini. Wahusika wengine katika orodha hii wanapata wapenzi, wanapata elimu, wanapata hata wafadhili. Rafiki wa kugawana naye mkeka na njaa ni Yasmin anayempata. Na Denge hakai. Siasa zinamchukua, Yasmin anaendelea na maisha, anaolewa na Bukheti, waliyefahamiana Mombasa. Kuna wasomaji wanaokasirika hapo wakitaka amngoje Denge. Wale waliowahi kuachwa hawakasiriki.

Anawafaa hasa waliooa au kuolewa nje ya kabila au dini, waliovunja ndoa na kususiwa na ndugu, na watoto wa wahamiaji wanaoishi na lugha moja ndani na nyingine nje, wawe Nairobi, Muscat au Minneapolis. Hamfai sana msomaji anayetaka kujua kinachopita moyoni mwa mhusika ukurasa kwa ukurasa. Shafi ni mtu wa matukio: polisi wanagonga, watu wanaruka madirisha, taarabu inaanza. Ukimtoa mtu kwenye Kichwamaji ukampa hiki, ataona kinakimbia. Hiyo ni faida. Mpe kwa mpango huo huo, kimoja baada ya kingine.

Filamu ni msaada kwa asiyependa kusoma, ila ioneshwe baada ya theluthi ya kwanza ya kitabu. Aliyeanza na filamu husoma akimtafuta Denge na kuruka kurasa za Mwajuma.

Waliokanushwa damu: Rehema na Kongowea

Nyota ya Rehema (Mohamed Suleiman Mohamed, 1976) inaanza na rangi. Baba ni Mwarabu mwenye mashamba. Mtoto anazaliwa mweusi kuliko walivyotarajia, na weusi huo unafanywa shaka, shaka inakuwa hukumu. Rehema anakua bila baba akiwa na baba. Baadaye anampata Sulubu, mkulima, na wawili hao wanageuza pori kuwa shamba kwa jembe. Ardhi wanayoitolea jasho inakuja kudaiwa na wenye nasaba. Ni riwaya ya machungu, lakini ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote kwamba kukanushwa na baba hakuishii moyoni, kunaishia kwenye urithi na mipaka ya shamba. Mtoto wa nje ya ndoa aliyekwisha kuwa mtu mzima, anayegombania kiwanja na ndugu wa kambo, atajiona humo. Wa miaka 16 atachoka kabla ya kufika katikati, kwa sababu ya lugha, tutakayoirudia hapa chini.

Kwa wa miaka 16 yuko Kongowea Mswahili wa Siku Njema (Ken Walibora, 1996). Anajisimulia mwenyewe. Mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafariki, baba hamjui, kijana anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta. Jina lake ni mzaha mzito: Kongowea ni mtaa wa Mombasa wenye soko kubwa, na Mswahili ni neno ambalo bara ya Kenya hutumiwa hata kumsema mtu mjanjamjanja. Kijana ana jina la mahali na la watu, na hana mahali wala watu. Kitabu kina matumaini, wengine watasema yamezidi, kwani mambo humwendea Kongowea kwa bahati ambayo mtaani haipatikani. Kwa mtoto wa sekondari anayelelewa na ndugu na kusimangwa kila siku, ziada hiyo ya matumaini si dhambi.

Tatizo lake ni jingine. Kama Utengano, kiliwahi kutahiniwa Kenya, na waliokisoma kwa mtihani wanakumbuka methali za kunukuu kwenye insha kuliko kijana aliyelala njaa. Ukimpa mtu aliyewahi kukisoma shuleni, mwambie akianze upya bila mwongozo. Miongozo humgeuza mhusika kuwa orodha ya sifa: ana bidii, ni mvumilivu, ni msamehevu. Hakuna mpweke aliyejiona kwenye orodha.

Lugha, na namna ya kusoma pamoja

Ugumu wa Kiswahili huamua kama mtu atamaliza, na aliyeacha katikati hubaki akijiona hata vitabu vimemkataa. Rosa Mistika na Kichwamaji ndizo nyepesi kwa msamiati. Uzito wa Kichwamaji ni wa mawazo. Siku Njema ina misemo mingi lakini muktadha huisaidia. Vuta N'kuvute ina Kiunguja cha mjini, cha kusemwa, kinachosomeka vizuri kwa sauti. Utengano na Nyota ya Rehema zina msamiati mzito wa Visiwani, Nyota ya Rehema zaidi, hasa penye mazingira na kilimo. Mtu wa bara awe na kamusi karibu, na asitafute kila neno. Matatu kwa ukurasa yanatosha, mengine yatajieleza.

Mkisoma kwa kikundi, watu sita hadi wanane ndio kiasi. Chini ya wanne, mwenye tatizo anaonekana waziwazi na ananyamaza. Zaidi ya kumi, wawili tu wanaongea. Kurasa 30 hadi 40 kwa wiki, saa moja ya mazungumzo, na mtu mmoja asome kwa sauti kurasa mbili mwanzoni ili hata aliyekuja bila kusoma apate pa kushika. Usiulize kamwe, "Nani hapa anajiona kama Maimuna?" Swali hilo hufunga midomo, na anayelijibu hujuta njiani akirudi nyumbani. Uliza kuhusu milango: ni nani humu angeweza kumfungulia, na kwa nini hakufanya hivyo? Watu watamtetea au kumlaumu Tamima, mama yake Maimuna, dakika 40 nzima, na ndani ya utetezi huo watasema yao bila kuyasema. Kikao kabla ya kifo cha Rosa au cha Kazimoto kisiishie hapo hapo ukingoni. Ama maliza mapema zaidi, ama songa hadi mwisho siku hiyo hiyo, ili mtu asilale peke yake na ukurasa ule.

Na kwa asiyetaka riwaya: Liyongo

Kuna mtu baki wa aina ambayo riwaya hizi hazimgusi sana. Ni yule anayesifiwa na kila mtu na hana hata mmoja wa kumwamini: kiongozi, mchezaji hodari, binti anayelisha ukoo mzima. Huyo mpe Fumo Liyongo, katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913. Liyongo ni shujaa na malenga, na ni kwa sababu hiyo sultani wa Pate anamwogopa na kumtia gerezani. Mama yake anamwokea mkate wa wishwa, kaficha tupa ndani. Saada, kijakazi, anaupitisha mbele ya walinzi, ambao hawaugusi kwa kuwa ni chakula duni. Usiku wa ngoma ya gungu, matari na matwazi yanapolia, Liyongo anakata minyororo, na kelele za ngoma alizoziomba mwenyewe zinaficha sauti ya tupa.

Lugha ni Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, lakini funguo mbili zinafungua sehemu kubwa yake: panapo j ya Kiunguja mara nyingi pana y (moja ni moya, mji ni muyi), na panapo ch pana t (macho ni mato, cheka ni teka). Neno njia ni ndia. Someni beti 20 kwa kikao, kwa sauti, mmoja akifafanua kila baada ya beti tano.

Anayemuua ni mwanawe, aliyeahidiwa makubwa, kwa sindano ya shaba kitovuni baba akiwa amelala. Liyongo anaamka, anapiga goti karibu na kisima, anavuta upinde, na anakufa hivyo hivyo mshale ukielekea mji. Watu wanaogopa kwenda kuteka maji siku kadhaa, wakidhani yu hai na ana hasira, hadi mama yake anapoletwa kumbembeleza. Kwa msomaji mpya anza na mkate na tupa. Kisima kisubiri kikao kingine.